Usiku pikapu ilipozima na mtoto ndani

Jana usiku simu imelia, kuchungulia ni pikapu yangu ya umeme inaniambia programu mpya iko tayari, nibonyeze isakinishwe, na gari haitatumika mpaka imalize. Nimekaa na ile simu mkononi mpaka chai ikapoa. Najua wengine wanabonyeza tu wanalala zao, mimi siwezi, kila nikiona ujumbe wa aina hiyo nairudia ile Januari. Wengi wenu mmenisikia nikiigusia juu juu, basi leo naisimulia.

Kwa nini niliinunua mnajua. Kazi yangu ni misumeno na mashine za kupulizia rangi, na hii pikapu ina soketi za umeme huko nyuma kwenye bodi, nikifika saiti nachomeka msumeno kwenye gari, hakuna jenereta, hakuna moshi, hakuna kuomba umeme kwa mwenye nyumba. Petroli bei yake nimeshaisahau. Na nguvu yake ya kuondoka, shemeji yangu siku ya kwanza alishika dashibodi kwa mikono miwili. Niliipenda na bado naipenda, muelewe hilo kabla hamjaendelea kusoma.

Wasiwasi ulikuwepo toka mwanzo ila ulikuwa wa mambo mengine kabisa. Mama huko Morogoro alikuwa anaogopa moto, kuna mtu alimwambia magari ya umeme yanajiwakia yenyewe. Na kuna kisa cha kweli, Februari 2023 pikapu mpya ya Ford F-150 Lightning iliwaka kwenye yadi kule Dearborn, Michigan, hata mteja hajaiona, moto ukashika nyingine mbili zilizopaki jirani, shida ikawa kwenye betri, kiwanda kikasimama wiki kadhaa na magari 18 yakaitwa yarudi. Nilimwelezea mama kwamba ni magari machache na waliyapata yote, akanijibu sawa mwanangu, lakini usipaki karibu na dirisha la watoto. Mpaka leo sipaki.

Mdogo wangu yeye anafanya mambo ya kompyuta huko Dallas, hofu yake ilikuwa wizi wa mtandaoni. Kila wiki ananitumia kitu. Mara watafiti wa NCC Group, kampuni ya usalama wa kompyuta, mwaka 2022 wameonyesha wanavyoweza kuifungua Tesla na kuondoka nayo, wanachofanya ni kupokezana mawimbi ya Bluetooth kati ya simu ya mwenye gari na gari yenyewe, gari inadhani mwenyewe yupo hapo mlangoni. Mara mwaka 2024 kundi jingine la watafiti limegundua kwamba kwenye tovuti ya Kia ukiwa na namba ya pleti tu ndani ya kama sekunde 30 unaweza kufungua milango ya gari la mtu na kujua liko wapi, bahati waliwaambia Kia pakazibwa kabla wezi hawajafika. Kaka, gari yako ni kompyuta yenye matairi, ndivyo alivyokuwa ananiambia, weka namba ya siri ya kuendeshea, usitumie nywila moja kila mahali. Nikaweka. Nikaona nimejikinga vya kutosha.

Ile betri ndogo hakuna aliyeiwaza.

Ngoja niieleze haraka kwa wasiojua. Gari ya umeme ina betri mbili. Kuna ile kubwa ya chini, ndiyo inayosukuma magurudumu, na kuna kadogo ka volti 12, kama ka gari yoyote ya kawaida, ndiko kanakowasha kompyuta, skrini, vitasa, kufuli, na zile swichi kubwa zinazoiunganisha betri kubwa na gari. Ukiwa unaendesha, betri kubwa inakachaji hako kadogo. Ukizima, swichi kubwa zinaachia, kadogo kanabaki peke yake. Kakiwa kamechoka ndio basi tena, unaweza kuwa na umeme wa kukufikisha Duluth, kule kaskazini mwa Minnesota, chini ya kiti chako na mlango usifunguke.

Sasa hiyo siku. Wiki ya ile baridi kali, nimemchukua binti yangu kwenye mazoezi ya kuogelea, nywele bado zina unyevu chini ya kofia, tunarudi Brooklyn Park, huku huku Minnesota. Chaji ilikuwa imebaki theluthi. Ingenifikisha nyumbani, lakini nilikuwa na kazi asubuhi mbali kidogo, na toka yaliyotokea Chicago Januari 2024, watu wamepanga foleni kwenye chaja kwenye baridi mpaka magari yanavutwa, mimi wiki za namna hiyo sisubiri ishuke. Nikaingia kwenye chaja za pale dukani. Nikamwambia binti, mama, subiri humu humu kwenye joto, baba anachomeka waya anarudi. Nikashuka, upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu. Nikaenda kwenye kifuniko cha kuchajia nikabonyeza, hakikufunguka. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Nikafikiri ni barafu. Halafu nikaona taa za ndani zimefifia zikazima, na skrini, ambayo huwa inabaki inang'aa mtu akiwa bado amekaa ndani, imekuwa nyeusi.

Nikarudi mlangoni. Vitasa vya hii gari vinalala ndani ya bodi, vinajitokeza vyenyewe ukisogea na simu. Havikutokea. Nikatoa kadi ya akiba nikaigusisha pale kwenye nguzo ya mlango, kimya. Nikafungua aplikesheni, inazungusha kale kaduara halafu inaniambia gari haipatikani. Haipatikani! Nimeiegemea kwa bega. Vifaa vyangu vyote, nyundo, mtaimbo, vimefungiwa nyuma kwenye bodi chini ya kifuniko cha umeme, na boneti nayo ni ya umeme. Nje ni chini ya sifuri 20 na ushee na upepo juu yake, simu imeanza kushuka asilimia kwa asilimia maana baridi inazila betri zote, za simu nazo.

Nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Yuko kiti cha nyuma amefungwa mkanda, ananiangalia. Hajashtuka bado. Kioo kimeanza kupata ukungu upande wake kwa pumzi zake na yeye anachora kwa kidole, duara, macho mawili. Akaniuliza kitu, nikaona midomo tu inacheza, nikaweka sikio kwenye kioo ndio nikasikia, baba mbona hufungui?

Nilifikiria kuvunja. Lakini vioo vya pembeni vya magari mengi mapya siku hizi vina utando wa plastiki katikati, unapiga vinapasuka ila havimwagiki, na huku mtoto amekaa pale pale, na mimi mikononi sina kitu zaidi ya glavu. Nikapiga 911, namba ya dharura ya huku, nikiwa nasubiri wapokee nikakumbuka mlango wa mbele. Wiki ya kwanza tumeichukua gari mke wangu alitaka kushuka akavuta kile kitu kilichopo mbele ya kishika mkono, mlango ukafunguka kwa mlio mbaya na gari ikatugombeza kwenye skrini kwamba hicho ni cha dharura. Kinavuta waya wa chuma moja kwa moja, hakihitaji umeme. Milango ya nyuma nayo inacho, ila kimefichwa chini ya kifuniko cha plastiki ndani ya mfuko wa mlango, mtu mzima tu anahangaika kukipata.

Basi nikamwambia fungua mkanda. Napiga kelele kwenye kioo, huku mama wa 911 ananiuliza niko wapi, namjibu Kiingereza, namgeukia mtoto Kiswahili. Mkanda akafungua, huo anaujua. Njoo mbele, mama, pita hapo katikati. Hapiti. Kashika kofia anacheka, anadhani tunacheza, maana kweli ukinitazama kutoka ndani mle ni mtu anarukaruka kwenye theluji anaonyesha vidole. Nikaacha kuruka. Nikavua glavu, nikaweka kiganja kwenye kioo, nikamwita jina lake lote, lile la shuleni, ambalo nyumbani hatulitumii. Uso ukabadilika. Akaja. Akajipenyeza katikati ya viti, buti moja likanasa, akalivuta, akafika kiti cha dereva amepiga magoti, na sasa yupo hapa, uso wake na wangu tumetenganishwa na kioo tu, na namwona mdomo unaanza kutetemeka, sijui baridi sijui kilio.

Nikamwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe, shika hapa, vuta juu. Akabonyeza vitufe vya vioo. Hapana, mbele yake. Akashika kishika mkono chenyewe akakivuta. Hapana mama, kile kidogo, cha mbele. Akakigusa. Hicho! Hicho hicho! Akakivuta kwa vidole viwili hakikwenda. Kwa mikono miwili, nikasema, kwa nguvu zote, kama unavyovuta blanketi kwa mdogo wako. Akaegemea nyuma na uzito wake wote, nikasikia tak, na mlango ukaachia kama upana wa kidole. Nikaingiza vidole vyangu na sikuvitoa tena.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Polisi wakaja, mtoto akapelekwa ndani ya duka akapewa maziwa ya moto, mke wangu akafika na gari yake, hakuniambia kitu, alimchukua tu. Nikabaki namsubiri wa bredauni. Akaja jamaa wa Kisomali, nikamsalimia kwa Kiingereza, akaniangalia akasema boss, wewe ni wa Tanzania ama Kenya? Kumbe amekulia Eastleigh, Nairobi. Swali lake la kwanza lilikuwa mtoto yuko wapi, maana aliona buti moja dogo limebaki kwenye kiti. Nilipomwambia yuko salama akasema alhamdulillah ndio akachukua vifaa. Kwenye bampa ya mbele akabandua kifuniko kidogo cha plastiki, ndani mna nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akazipa umeme kutoka kwenye kibox chake, boneti ikafunguka, akaenda kwenye betri ndogo yenyewe akaibusti. Gari ikaamka yote kwa mpigo, taa, skrini, muziki wa mtoto ukaendelea pale ulipokatikia. Boss, akasema, hizi gari zinakufa na tanki imejaa, msimu huu wa baridi sijui ni ya ngapi hii.

Kwa wakala wa magari walikaa nayo siku kadhaa. Karatasi ikasema betri ndogo imebadilishwa, mfumo uko sawa. Nikauliza kwa nini haikunionya, kijana wa kaunta akaniambia toleo jipya la programu litaboresha maonyo. Nikauliza na ile kamba ya dharura ya nyuma, mtoto ataifikiaje, akasema ipo kwenye kitabu cha maelekezo. Hasira niliyokuwa nayo pale, mpaka leo nikiiandika hapa vidole vinakuwa vizito. Mtoto wa darasa la kwanza hasomi kitabu cha maelekezo gizani!

Na si gari yangu tu. Mwaka 2025 wakala wa usalama barabarani wa Marekani, NHTSA, walifungua uchunguzi wa vitasa vya Tesla Model Y za 2021, malalamiko yakiwa ni hayo hayo, betri ndogo inaishiwa, wazazi wako nje, watoto wako ndani, wengine wakavunja vioo. Na kwenye programu nako sina imani ya kubonyeza tu. Novemba 2023 Rivian walisukuma toleo la programu lenye vyeti vya usalama visivyo sahihi, yaani ile saini ya kompyuta inayoithibitisha programu, na kwenye baadhi ya magari skrini zikazima kabisa, watu wakaendesha bila kuona spidi. Walikiri wenyewe haraka, na hilo nawaheshimu. Lakini mtu mmoja ofisini amekosea faili, na wewe umelala kwako, asubuhi gari yako siyo ile uliyoipaki.

Marehemu baba alikuwa na pikapu Peugeot 504, nyinyi wa rika langu mnazijua. Ilikuwa mbovu kweli kweli. Betri ikifa tunaitwa vijana wa mtaa tunasukuma, inashika, tunapanda nyuma. Mlango ukigoma anaingiza bisibisi. Iliibwa kirahisi pia, mara mbili, na mara ya pili haikurudi. Kwa hiyo sisemi zile zilikuwa bora, ila kila alichokihitaji kuifungua kilikuwa mfukoni mwake au mtaani kwake.

Sasa hivi nimeshafunga kamba nyekundu kwenye zile waya za dharura za nyuma, zinaning'inia wazi, na binti yangu anazijua, kila mwezi tunazima kila kitu anatoka mwenyewe, anaona fahari. Kibox cha kubusti kipo kwenye gari ya mke wangu, siyo kwenye pikapu ambako kitafungiwa na vingine. Ile programu mpya nitaiweka Jumamosi mchana ikiwa imepaki nyumbani na hatuna safari. Kazini bado ndiyo inayonilisha na sijaona pikapu ya mafuta itakayonifanyia ile kazi.

Mke wangu anataka iuzwe. Hajawahi kunipandishia sauti kuhusu hili, swali lake ni moja tu na analirudia hivyo hivyo: na angekuwa ni mdogo wake? Mdogo wake ana miaka miwili, mkanda hawezi kuufungua, kamba haifikii, na mtu akiwa nje hakuna anachoweza kumwonyesha kwenye kioo. Nimetafuta jibu kwenye kitabu, kwa wakala, kwa mdogo wangu wa Dallas. Sijalipata. Kwa hiyo mpaka sasa yule mdogo hapandi pikapu toka Novemba hadi Machi, hilo tumekubaliana, na mazungumzo ya kuuza tumeyasogeza hadi mwezi wa tano.