Kutoka Alta hadi Bunge la Wasami

Tuliondoka Alta, mji wa kaskazini mwa Norwei, na gari la kukodi, tukashika barabara ya 93 kuelekea kusini. Julai huku jua halizami. Mbu ni wengi ajabu. Malaria hawana, lakini wanauma hadi juu ya soksi.

Tulisimama Máze, kijiji kando ya mto cha Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia ambao baadhi yao hufuga kulungu wa theluji. Mpango wa kwanza wa bwawa la umeme ungekizamisha chote. Mwaka 1973 kijiji kikanusurika, ila bwawa halikufutwa. Lilihamishiwa chini zaidi mtoni. Mwaka 1979 vijana wa Kisami wakapiga hema mbele ya Bunge la Norwei mjini Oslo, wakagoma kula kulipinga bwawa hilo. Januari 1981 polisi wapatao 600 waliwang'oa waandamanaji huko Stilla, walikokuwa wakizuia ujenzi, baadhi wakiwa wamejifunga minyororo. Bwawa likajengwa.

Hata hivyo, mwaka 1980 serikali ilikuwa imeunda kamati ya haki za Wasami chini ya Carsten Smith, profesa wa sheria. Ripoti yake ya 1984 ndiyo iliyozaa Sheria ya Wasami ya 1987. Ubishi wa nani hasa alileta mabadiliko, wagomaji au wasomi, kwangu hauna maana: bila hema lile Smith asingepewa kazi, na bila Smith serikali ingengoja tu njaa iwashinde.

Kautokeino, mji mwingine wa Wasami, tulipita haraka, ingawa chuo chake kinachofundisha kwa Kisami kinastahili siku nzima.

Karasjok ndipo lilipo Bunge la Wasami, lililofunguliwa na Mfalme Olav wa Tano mwaka 1989. Rais wake wa kwanza, Ole Henrik Magga, ni mwanaisimu. Jengo ni la mbao, limejipinda nusu duara, na ukumbi wa vikao umechongoka kama hema la wafugaji. Viti vya wabunge ni 39. Nilimuuliza dada aliyetutembeza: mkikataa mgodi, haujengwi? Akacheka kidogo. Serikali inalazimika kushauriana nao, akasema, lakini uamuzi unabaki Oslo.

Tukaishia kuzungumzia Fosen, rasi ya katikati mwa Norwei. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ilibatilisha vibali vya mitambo ya upepo kwenye malisho ya Wasami huko. Februari 2023 vijana walikaa ndani ya wizara kudai hukumu itekelezwe. Wafugaji hatimaye walifikia makubaliano ya fidia, na mitambo ikabaki pale pale.