Mwavuli wa Makuli

Mvua ya Liverpool hainyeshi kutoka juu. Inakuja kwa ubavu, kutoka mtoni Mersey, na ukiwa Dock Road huna pa kujificha. Upande mmoja ni ukuta wa bandari, mawe ya matale yaliyopangwa kwa ustadi ambao bado unanishangaza, na upande mwingine ni maghala, mengi yakiwa matupu. Nimepita pale kwa miguu karibu kila wiki kwa miaka sita sasa, na kila ninapolowa huwa nawafikiria makuli waliopita hapo hapo wakiwa wakavu. Walikuwa na paa. Juu ya vichwa vyao ilipita treni.

Reli hiyo iliitwa Liverpool Overhead Railway. Wenyeji waliifupisha wakaiita Ovee, na makuli wakaipa jina linalonigusa zaidi: mwavuli wa makuli. Ilisimama juu ya nguzo za chuma kuanzia Seaforth kaskazini hadi Dingle kusini, kama kilomita 11, ikifuata bandari gati baada ya gati. Hata majina ya stesheni zake yalikuwa ya gati: Alexandra, Brocklebank, Canada, Huskisson, Wapping, Brunswick, Herculaneum. Ukiyasoma kwa mfuatano ni kama unasikia kondakta akiita.

Kwa nini waliipandisha juu? Kwa sababu chini palikuwa pamejaa. Barabara ya bandari ilikuwa na mikokoteni ya farasi, mabasi ya farasi, maelfu ya vibarua, na katikati ya msongamano huo treni za mizigo za bandari zilijipenyeza. Wazo la reli ya juu lilizungumzwa tangu miaka ya 1850, lakini ujenzi ulianza 1889, chini ya wahandisi Douglas Fox na James Henry Greathead. Tarehe 4 Februari 1893 Lord Salisbury, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliizindua, na mwezi uliofuata abiria wa kawaida wakaanza kupanda.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Reli za juu zilikuwepo tayari New York, lakini zile zilivutwa na injini za makaa, zikawamwagia wapita njia majivu na mafuta. Liverpool waliogopa cheche. Hebu fikiria pamba, mbao na meli zimepangwa kando ya njia nzima, halafu injini inapita juu ikitema moto. Wakaamua kutumia umeme, na kwa uamuzi huo wakapata reli ya kwanza ya juu duniani kuendeshwa kwa umeme. Ishara zake zilikuwa za kujiendesha zenyewe, na mwaka 1901 stesheni ya Seaforth Sands ikawekewa ngazi ya umeme, ya kwanza katika stesheni ya reli Uingereza. Mji wa makuli na mabaharia ulikuwa mbele ya miji mikubwa mingi, na naona hilo halisemwi vya kutosha.

Mwaka 1897 Alexandre Promio, mpiga picha wa ndugu Lumière wa Ufaransa, waanzilishi wa sinema, alipanda na kamera yake na kupiga picha za filamu treni ikiwa inakwenda. Nimezitazama mara nyingi. Milingoti inapita, kisha mabohari, kisha milingoti tena, na hakuna kinachotikisika sana. Hayo ndiyo waliyoyaona abiria kwa nauli yao: upande mmoja wa dirisha mji, upande mwingine meli za dunia nzima. Kampuni yenyewe iliitangaza safari hiyo kama matembezi ya kuangalia meli kubwa za abiria.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyepita miaka themanini, alipanda Ovee akiwa mtoto na baba yake aliyefanya kazi gatini. Hakunisimulia kuhusu meli hata kidogo. Alichokumbuka ni giza la chini. Anasema ukitembea chini ya reli mchana ulikuwa kama uko ndani ya nyumba ndefu isiyo na mwisho, na treni ikipita juu ulihisi mtetemo kwenye meno kabla hujausikia masikioni. Baba yake aliegemea nguzo moja kila asubuhi akisubiri kuitwa kazini. Nguzo ileile, kila siku. Nikamuuliza ilikuwa ipi. Akanieleza mahali kwa kidole juu ya meza, akihesabu kutoka kwenye lango, kana kwamba tungeweza kwenda kuiona.

Mikasa haikukosekana. Desemba 1901 mota ya treni iliharibika karibu na stesheni ya Dingle, iliyokuwa chini ya ardhi mwisho wa handaki, moto ukawaka na watu sita wakafa. Mei 1941 ndege za Ujerumani ziliishambulia bandari usiku baada ya usiku. Meli Malakand, iliyosheheni mabomu, ililipuka Huskisson Dock, na reli ikabomolewa sehemu kadhaa. Ikarekebishwa. Makuli walihitajika bandarini, na bila Ovee wangefikaje? Katika miaka yake mizuri ilibeba karibu watu milioni 20 kwa mwaka.

Kilichoiua ni kitu cha taratibu zaidi. Ili isidondoshe chochote barabarani, sakafu ya reli ilitengenezwa kwa mabati mazito ya chuma yaliyopindwa na kuunganishwa bila kuacha upenyo. Ndiyo maana ilizuia mvua. Lakini mabati yanayozuia maji ya juu yanazuia pia moshi wa chini. Zile treni za mizigo za bandari, zikivutwa na injini za mvuke, zilipita chini yake kwa miaka mingi, zikipuliza mvuke na masizi kwenye tumbo la sakafu hiyo. Unyevu na moshi wa makaa vikikutana juu ya chuma havina haraka, ila havipumziki. Reli iliyotumia umeme kwa kuogopa cheche za mvuke ililiwa na mvuke wa jirani yake.

Mwaka 1955 wahandisi waliikagua, wakasema sakafu lazima ibadilishwe, na gharama ni kama pauni milioni 2. Kampuni haikuwa na fedha hizo. Serikali ilipotaifisha reli za Uingereza mwaka 1948 Ovee haikuchukuliwa, ikabaki mali ya wanahisa, kwa hiyo hapakuwa na hazina ya taifa nyuma yake. Kampuni ikaomba msaada kwa halmashauri ya jiji na kwa mamlaka ya bandari, ikakosa. Nimewahi kusikia watu wakisema ilifungwa kwa sababu wakati wake ulikuwa umepita. Sikubali. Watu walikuwa wanaipanda mpaka siku ya mwisho. Ilifungwa kwa sababu kila mwenye mfuko aliuona mzigo kuwa wa mwingine.

Usiku wa tarehe 30 Desemba 1956 treni za mwisho ziliondoka, zikiwa zimejaa. Septemba 1957 wabomoaji wakaanza kuishusha, na chuma chake kikauzwa kama chuma chakavu. Mzee jirani yangu anasema jambo lililomshtua halikuwa kelele za kubomoa. Ni mwanga. Barabara aliyoijua yenye giza iligeuka nyeupe, na ukuta wa bandari ukaonekana mfupi.

Behewa namba 3 limo katika Museum of Liverpool pale Pier Head, limeinuliwa juu kama lilivyokuwa juu ya nguzo, na unaruhusiwa kuingia. Nimekaa dirishani mara nyingi mno. Dingle, mdomo wa handaki bado unaonekana kwenye mwamba mwekundu juu ya ilipokuwa Herculaneum Dock, umeachama hewani bila daraja lolote la kuufikia.

Ila mimi huenda Wapping. Kwenye ukuta wa gati pale bado kuna nguzo chache, zimezamishwa ndani ya mawe, ndiyo sababu hawakuzing'oa. Unaweza kupita mara mia usizione, ukadhani ni mabomba ya zamani. Jumapili iliyopita nilimpeleka mzee kwa kiti chake cha magurudumu. Si nguzo ya baba yake, ile ilikuwa mbali kaskazini na imeshayeyushwa. Aliinama, akaweka kiganja kizima juu ya chuma, akakaa hivyo muda mrefu. Alipokitoa kilikuwa na unga mwekundu wa kutu, na hakuufuta mpaka tulipofika nyumbani.