Jinsi nilivyojifunza kutenganisha kitanda na meza

Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi: kila robo mwaka niandike kurasa mbili kuhusu hali ya uchumi wa mkoa, kwa takwimu zinazowahi kutoka. Pato la mkoa huchelewa mno, kwa hiyo niliegemea matumizi ya watu kwenye hoteli na migahawa. Sababu yangu bado naiamini: mfuko ukibana, mtu huanza kupunguza kula nje na kulala safarini kabla hajagusa kodi ya nyumba au ada ya shule.

Robo tatu mfululizo mstari ulipanda. Nikaandika kwamba mkoa unachangamka. Mwenye mgahawa mmoja aliyeisoma ripoti akanipigia simu. "Ndugu yangu, huo uchangamfu uko wapi? Meza zinajaa, lakini wanakaa watatu, anaagiza mmoja."

Neno lile lilinikosesha usingizi. Nikarudi kwenye takwimu zenyewe. ISIC, uainishaji wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, unayaweka malazi na huduma za chakula katika fungu moja, herufi I, na mimi nilikuwa nachukua jumla ya fungu hilo. Ndani yake mna vitengo viwili: 55 cha malazi na 56 cha chakula na vinywaji. Nilipoomba vitenganishwe, nikakuta malazi yamepaa huku migahawa ikishuka polepole, na kile kilichopaa kilikuwa kimekifunika kilichoshuka.

Nikaenda kuona kwa macho. Kwenye nyumba ya wageni ya kwanza, dada wa mapokezi alinifungulia daftari. Safu ya sababu ya safari ilijaa neno moja ukurasa mzima: kazi, kazi, kazi. Mlipaji alikuwa mmoja. "Hawa ni wa mradi wa ujenzi," akaniambia. "Wamelipiwa vyumba mpaka kazi iishe. Kula wanakula huko huko kazini."

Basi nikaelewa nilichokuwa napima. Pesa ya malazi kwa sehemu kubwa huletwa na watu wa nje. Kwa mkoa ni kama kuuza bidhaa ng'ambo. Pesa ya migahawa, isipokuwa kwenye maeneo ya utalii, hutoka zaidi mifukoni mwa wenyeji. Ernst Engel, mwanatakwimu wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1857 kwamba kipato kikipanda, sehemu yake inayoenda kwenye chakula hupungua. Kula nje hakufuati njia hiyo: huongezeka watu wakijiweza, na ndiyo maana kunasema mengi.

Tangu hapo nachora mistari miwili. Kwa malazi sitazami mapato peke yake, nahesabu vyumba: nyumba yenye vyumba 40 ina nafasi 1,200 kwa mwezi wa siku 30, na ikiuza 780 imejaa kwa asilimia 65. Natenga pia siku za kazi na mwisho wa juma, maana msafiri wa kikazi na wa mapumziko hawaji siku moja.

Kwa migahawa, kilichonisaidia zaidi ni kuondoa bei. Mauzo yakikua asilimia 6 wakati bei za migahawa zimepanda asilimia 9, watu wamepunguza kula nje, hata kama droo ya pesa inaonekana nzito. Na usitumie mfumuko wa bei wa jumla. Fahirisi ya bei, yaani kipimo cha jinsi bei zinavyobadilika, kwa kawaida ina kundi lake la migahawa na malazi, nalo huweza kwenda tofauti kabisa. Msimu nao nauondoa kwa kulinganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, nikikumbuka kwamba Pasaka huangukia Machi au Aprili. Mwaka 2020 siutumii kama msingi wa kulinganisha: wasafiri wa kimataifa walipungua kwa zaidi ya asilimia 70, na chochote ukikipima kutoka shimo lile kitaonekana kimepaa.

Mradi ulipokaribia kuisha, niliandika mapema kwamba vyumba vitabaki vitupu na kwamba hiyo haitakuwa dalili ya wenyeji kuishiwa. Vyumba vikabaki vitupu kweli. Robo hiyohiyo mstari wa migahawa, bei zikiwa zimeondolewa, ulipanda kidogo kwa mara ya kwanza. Nilimpigia yule mwenye mgahawa kabla sijaiamini. "Sasa kila mmoja anaagiza yake," akasema, na ndipo nikaichapa ripoti.