Siku moja na wageni ndani ya Wadi Bani Awf

Kila nikienda Unguja likizo nakutana na swali lile lile barazani: "Bado unatembeza Wazungu?" Na hilo neno "kutembeza" hutamkwa kwa namna ambayo utadhani namshika mtoto mkono nampeleka Forodhani kula urojo. Mjomba wangu mmoja ndiye aliyetia fora: alisema mimi nalipwa kwa kuangalia milima. Basi leo naandika siku yangu moja ya mwezi wa pili, tangu alfajiri hadi usiku, mjomba asome.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Oman. Nakaa Seeb, nje kidogo ya mji wa Muscat, na nyumbani kwetu lugha ni Kiswahili kama ilivyo kwa majirani zangu wengi ambao wazee wao walirudi kutoka Unguja, Pemba na bara. Saa nitakazotaja ni zetu za Kiswahili. Saa ya mkononi nimeiweka ya kizungu kwa ajili ya kazi, lakini kichwani ninayo ile ya mama.

Saa kumi na moja alfajiri niko uani na tochi. Napima upepo wa matairi yote manne na la akiba, naangalia maji ya rejeta, oili, breki. Nyuma ya gari nina katoni mbili za maji, kamba ya kuvutia, koleo, jeki, kipande cha ubao wa kuwekea jeki kwenye mchanga, na pampu ndogo ya upepo. Mke wangu ananiletea mandazi ndani ya bakuli la plastiki na chupa ya chai. Hiyo chupa, naomba muikumbuke. Ni ya chuma, ina maua mekundu, aliletewa na shangazi yake tulipooana, na kila siku ananikabidhi kwa maneno yale yale: "Irudi."

Saa moja kamili nafika hotelini. Wageni wa leo ni mzee na mkewe kutoka Ujerumani. Mzee amekwisha kaa mapokezi na karatasi mkononi, kaipiga chapa mwenyewe, safu mbili: mahali na dakika. Nakhal dakika 40. Bilad Sayt dakika 60. Al Hamra dakika 45. Misfat al Abriyeen dakika 90. Hata kujisaidia kumepangiwa. Nilipoiona karatasi ile nilijua siku itakuwa ndefu.

Ngome ya Nakhal, chemchemi ya maji moto ya Ain Thowarah, mafuta, choo: vyote vilipita salama na karatasi ikafurahi.

Saa tatu na nusu, baada ya mji wa Al Awabi, tunaacha barabara ya Rustaq na kuingia mdomo wa wadi. Wadi ni bonde la mto usiokuwa na maji, mpaka siku utakapokuwa nayo. Lami inapokwisha nasimama na kupunguza upepo wa matairi kutoka 36 hadi 25, ili tairi ilale juu ya mawe badala ya kuyadunda. Kazi ya dakika kumi. Mzee akaniuliza kwa nini sikufanya hivyo nyumbani. Nikamwambia kwa lami ya kilomita mia na ushei matairi yangechemka. Akatoa kalamu akaandika kitu kwenye karatasi.

Sasa hapa ndipo mjomba anaposema naangalia milima. Milima ya Hajar ni kweli inaangalika: kuta za mawe za rangi ya majivu na kahawia, zimepinda kama mikeka iliyokunjwa, miguuni mwake kuna mikunazi na migunga, na kila penye tone la maji pana mitende. Kuna hata uwanja wa mpira wa majani ya bandia katikati ya mawe, pale Zammah, na wageni wote hupiga picha pale. Mimi naviona kwa jicho la pembeni. Jicho lenyewe liko kwenye jiwe lililo mbele ya tairi ya kulia, halafu kona, halafu mbingu.

Mbingu ndiyo kazi. Tulipofika kwenye ule mpasuko mwembamba ambao wageni huuita Korongo la Nyoka, mzee akasema tuteremke, karatasi ina dakika 20 za kuingia ndani. Nikatazama juu, upande wa mlima wa Jebel Shams. Mawingu yalikuwa yameanza kujazana, meusi kwa chini. Nikamwambia hapana. Akaniambia hapa tulipo kuna jua. Kweli lilikuwepo jua. Lakini maji ya wadi hayatoki juu ya kichwa chako; hunyesha mlimani, mbali, na wewe unayapokea bondeni umekaa juu ya jiwe unakula ndizi. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yalichukua watoto wa shule kule Sharqiyah ya Kaskazini. Sikumwambia hilo, maana wageni huogopa safari nzima. Nilisema hapana mara tatu, kwa adabu, na mara ya tatu akafunga mlango wa gari kwa nguvu.

Niwaambieni tu mapema: mvua haikunyesha siku ile. Hata tone. Kwa hiyo kwa hesabu ya mzee mimi nilimnyima dakika 20 bure. Kazi hii ukipatia, hakuna kinachotokea, na hakuna mtu anayekushukuru kwa kisichotokea.

Saa tano tuko Bilad Sayt. Naegesha nje, maana vichochoro ni vya watu na punda, si vya gari langu. Kijiji kimeshikamana juu ya mwamba, nyumba za mawe na udongo zimepandana, na chini yake ngazi za mashamba: mitende, thomu, vitunguu, majani ya mifugo. Maji huja kwa falaji, mfereji unaofuata kiuno cha mlima. Mke wa mzee alitaka kupiga picha wanawake waliokuwa wakifua. Nikatikisa kichwa, akaelewa, akaipiga mitende. Huyu mama hakuwa na neno.

Mzee alipouliza maji yanagawiwaje, nilifurahi kuulizwa. Falaji za Oman hugawa maji kwa muda: kila mwenye shamba ana zamu yake, na kipimo cha kawaida huitwa athari, kama nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Falaji tano zimeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Nikadhani mtu wa dakika atapenda habari za watu wa dakika. Akasema, "Zimebaki saba."

Saa sita na kidogo tukapita kijiji cha Hat na kuanza kupanda kuelekea Sharaf al Alamain, kama mita 2,000 juu ya bahari. Hapa njia imechongwa ubavuni mwa mlima, upana wa gari moja na hofu. Upande mmoja jiwe, upande wa pili hewa. Nilikuwa gia nzito, pole pole, na kwenye kona ya tatu au ya nne nikakutana nayo.

Gari ndogo nyeupe ya kukodi. Inateremka. Imesimama katikati ya njia, na magurudumu ya mbele yanatoka moshi mwembamba wa buluu. Ile harufu ukishaipata mara moja huisahau: kama mpira ulioungua ukachanganyika na shaba. Ndani yupo kijana, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, na mkewe pembeni analia bila sauti. Ramani ya simu iliwaambia hii ndiyo njia fupi ya Rustaq. Na kweli ni fupi. Kibao kinachosema magari ya fowili tu, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, walikiona, lakini simu haikusema kitu.

Nikarudi nyuma. Hatua mia mbili hivi za kurudi nyuma kwenye njia ile, mke wa mzee kateremka anatembea, ananionyesha kwa mkono kama trafiki, na mzee ndani ananisomea saa. Nikapata pahala pana, nikaegesha, nikapanda tena kwa miguu. Nikaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya yule kijana, kisha nikamwambia azime na atoke. Hakuweza kuuachia usukani. Nikamtoa kidole kimoja kimoja, wallahi, kama unavyomtoa mtoto peremende mkononi.

Breki zikishapata moto namna ile hakuna cha kufanya ila kungoja. Humwagii maji, utapasua diski. Unakaa. Simu yangu haina mtandao. Nikawakalisha kivulini, nikawamiminia chai ya mke wangu, ya maziwa na iliki, nikawapa na mandazi. Yule binti alikunywa vikombe vitatu. Mzee akaja na karatasi yake. Akaniuliza kama kusaidia watu wengine kumo kwenye malipo yake. Nikasema hakumo, hii ni bure. Sijui kama alielewa. Akasema basi dakika hizi zikatwe. Nikasema zungumza na ofisi. Akasema atazungumza. Akauliza kwa nini yule mtu asiteremke mwenyewe, mbona kafika mpaka hapa? Nikamwomba aishike breki ya gari kwa kidole. Akaisogelea, akausikia moto kabla ya kugusa, akarudi kukaa. Dakika tano akanyamaza. Kisha akauliza tena.

Zilipopoa kiasi cha kushikika nikaingia mimi kwenye ile gari, nikaweka gia kwenye L, ile nzito kabisa, na nikaiteremsha mpaka Hat injini ikilia kama mbuzi, breki nikizigusa kwa kunong'ona. Kijana na mkewe walinifuata kwa miguu. Pale Hat nikawakabidhi kwa vijana wawili niliowakuta msikitini, wakasema watawapitisha wao mpaka chini wakishaswali. Mmoja akanipandisha tena kwa pikapu yake. Fedha akakataa.

Kutoka hapo sina hakika na saa. Nilikuwa nimelowa jasho, goti linauma, na simu ilipopata mtandao kule juu ziliingia ujumbe sita za bosi: uko wapi, uko wapi, mgeni ameandika ofisini. Alikuwa kaniripoti kabla yangu. Pale Sharaf al Alamain unaona korongo lote ulilotoka, na upande wa pili Al Hamra chini kama vumbi la kijani. Wageni hutoa machozi pale. Mzee alitazama saa.

Al Hamra tuliingia alasiri imeshapoa. Mji wa kale ni wa matofali ya udongo, nyumba za ghorofa mbili tatu juu ya mwamba uliolala kwa mshazari, dari za magogo ya mtende. Nyingi ni tupu. Wenyewe wamejenga za bloki hapo karibu, zenye kiyoyozi, na za udongo zisipopakwa upya kila baada ya mvua hurudi zilikotoka. Paa likianguka, kuta hazichukui muda.

Nikiwa nimewangoja wageni nje ya Bait al Safah, nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho, mzee mmoja wa kanzu na bakora akanisikia nikimjibu mke wangu kwenye simu. Akageuka. "Wewe mtoto wa wapi?" Kiswahili kizito cha bara. Kumbe kakulia Tabora, duka la baba yake. Nikamwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba kwa sauti iliyochelewa kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Akanionyesha nyumba ya babu yake: kuta mbili na mlango uliofungwa kwa waya. Akaniuliza kama Seeb siku hizi mihogo inapatikana. Nikasema inapatikana. Akataka kujua duka gani, na nikamweleza njia, kona kwa kona. Hizo zilikuwa dakika zangu, hazikuwa kwenye karatasi ya mtu.

Misfat al Abriyeen tuliipata jua linazama, nusu saa tu badala ya ile saa na nusu. Nyumba zimekaa juu ya majabali makubwa, vichochoro vinapita chini ya nyumba za watu, na falaji inalia pembeni. Mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikiweka kwenye orodha ya vijiji bora. Kibao kinaomba funika mabega na magoti. Mzee alikuwa na kaptura. Nikamtolea kikoi nilichonacho daima nyuma ya kiti. Kilimpendeza, na aliudhika nacho.

Nikajaza upepo tena kwa ile pampu inayolia, tairi moja baada ya moja, gizani. Halafu barabara kuu ya Nizwa, wageni wamelala, mimi natafuna karafuu nisisinzie. Nilisimama mara moja kwa chai ya karak.

Hotelini mzee alinipa mkono, akasema ataandika. Mkewe alibaki nyuma akanitia riyali tano kiganjani na kunirudishia kikoi, amekikunja vizuri.

Nyumbani ilikuwa saa nne kasoro. Niliosha vioo tu, vumbi lililobaki la kesho, kwani saa moja asubuhi nina familia ya watu watano kwenda Bahla. Nimeingia ndani navua viatu, mke wangu kasimama mlango wa jikoni. Hakuuliza wageni, hakuuliza goti.

"Chupa yangu?"

Nikaliona jiwe lile la kivulini juu ya Hat, na chupa ya maua mekundu imekaa juu yake, na kikombe kando.

"Alhamisi napita tena," nikasema.

Amezima taa ya jikoni.