Bonny, kabla ya njaa

Tangu juzi nasoma habari za vita vya Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, na moyo hautulii. Wengi wetu tunavijua kwa picha za watoto waliodhoofu kwa njaa. Mimi nimekwama Bonny, kisiwa cha delta ya Niger ambako meli zilipakia mafuta ghafi ya Shell-BP.

Vita vilianza Julai 6, 1967. Mwezi haujaisha, jeshi la shirikisho likashuka Bonny kutoka baharini. Ojukwu, kiongozi wa Biafra, alikuwa akiidai kampuni ile malipo ya mafuta, na serikali ya Nigeria kule Lagos ilishafunga njia ya bahari. Aliyeishika Bonny ameshika mlango wa bandari ya Port Harcourt, nayo ikaanguka Mei 1968 mikononi mwa askari wa Adekunle, kamanda wa jeshi la shirikisho.

Kinachoniuma ni tarehe. Tanzania iliitambua Biafra Aprili 13, 1968, ya kwanza duniani. Mwezi uliofuata bandari kubwa ya mwisho ikaenda, na chakula kikabaki kutegemea ndege zilizotua usiku, gizani, kwenye uwanja wa Uli ndani ya Biafra. Baba yangu bado anausifu uamuzi ule wa Mwalimu, nami naona Mwalimu alikuwa sahihi kuwasimamia watu wale.