Nlivyoyaelewa mawimbi kwa pipa la maji na bomba la plastiki

Mimi ni mtu wa Pangani, nimezaliwa nayasikia mawimbi usiku na mchana, lakini fomu faivu mtihani wa kwanza wa fizikia swali la mawimbi nilipata 4 kati ya 20. Iliniuma sana, maana sikuwa mvivu, notisi zote nlikua nazo, v = fλ (mwendo wa wimbi ni frikwensi, yaani mawimbi mangapi kwa sekunde, mara urefu wa wimbi) naijua hata ukiniamsha usingizini, na hesabu za kuweka namba nlikua napata. Ila likija swali la maneno, eti wimbi limetoka kwenye kina kirefu likaingia maji mafupi, nini kinabadilika, nini kinabaki na kwa nini, hapo nabaki naitolea macho karatasi. Na tunasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo unaweza ukakariri sentensi nzima ikakaa kichwani bila picha yoyote.

Kilichokua kinanipoteza nimekuja kukijua baadae, ni vitu viwili. Kwanza nlikua naamini wimbi ni maji yanayosafiri. Pili nlikua naichukulia ile v = fλ kama vile ukiongeza f basi v nayo lazima ipande, si ndo zimezidishwa pale? Fomula tuliandikiwa ubaoni lakini humo ndani nani anaamua nini hatukuambiwa, na mi naona hilo ndo lilitakiwa litangulie kabla ya fomula yenyewe.

Likizo ya Disemba nikarudi nyumbani, na asubuhi nikawa namfuata mjomba kwenye jarife (nyavu kubwa za kuvulia), yeye ni mvuvi toka ujana wake. Siku moja tumekaa kwenye ngalawa nikamuuliza, mjomba, hili wimbi linalokuja hapa, maji yake yametoka wapi? Akaniangalia. "Hayajatoka popote mwanangu. We litazame lile boya. Wimbi linalipandisha, linalishusha, linaliacha palepale. Ukiona boya limeondoka ujue huo ni mkondo, sio wimbi."

Nikaliangalia lile boya (ni dumu tu la lita 5 lililofungwa kwenye nyavu) kama nusu saa nzima. Kweli bana. Wimbi likija boya linasogea mbele kidogo likiwa juu, likishuka linarudi nyuma kidogo, yaani linazunguka kaduara kadogo halafu lipo palepale, na wimbi lenyewe limeshafika ufukweni. Kinachosafiri ni mtikisiko, nishati, maji yanapokezana tu. Pale kwenye mwamba linapovunjika ndo maji yanarushwa kweli, lakini hapo wimbi limeshakufa, hiyo ni habari nyingine.

Basi nikapata hamu ya kuhesabu. Nikachukua simu nikapima muda wa mawimbi 10 kupita kwenye boya, nikapata sekunde 52. Tuliporudi nikasimama karibu na ule mti wa kufungia ngalawa, maji kiunoni, nikahesabu tena mawimbi 10, sekunde 51. Nikarudia mara tatu nne, zinacheza hapohapo. Na huku kwa macho unaona kabisa kwamba karibu na ufukwe mawimbi yamebanana na kule mbali yameachana! Nlikaa na hilo jambo mpaka jioni ndo likaniingia: hayawezi kuwa na idadi tofauti, kwa sababu kama kwa dakika yanaingia 12 na yanafika 10, yale mawili yamepotelea wapi? Kwa hiyo frikwensi haina pa kubadilikia njiani. Kinachobadilika ni mwendo, maji mafupi yanalichelewesha wimbi, la mbele linapunguza mwendo la nyuma bado linakuja mbio, yanasogeleana. Ni kama magari kwenye matuta, kila sekunde tano linaingia moja na kila sekunde tano linatoka moja, lakini pale kwenye tuta yamegusana mataa.

Na hiyohiyo ndo sababu mawimbi yakifika ufukweni yanakuja karibu sambamba na ufukwe hata kama upepo unavuma upande. Ncha iliyotangulia kwenye maji mafupi inachelewa, ncha nyingine bado inakimbia, wimbi zima linapinda. Hiyo ndo refraksheni, nimeiona miaka yote na sikujua ina jina.

Sasa sauti. Sauti huioni, na kwenye maabara yetu ule uma wa chuma unaogongwa ukalia ulikua mmoja kwa darasa zima, jaribio la bomba la resonansi (pale hewa ya ndani ya bomba inapotikisika pamoja na mlio ukawa mkubwa) nililiona kwa mbali juu ya mabega ya wenzangu. Nikasema ntalifanya nyumbani. Nikaomba kwa fundi bomba kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu sentimita 70, nikalichora sentimita kwa kalamu toka mdomo wa juu kushuka chini. Maji nikatumia pipa la bafuni, maana ndoo ya lita 20 haina kina cha kutosha. Kwenye simu nikashusha programu ya bure inayotoa mlio wa frikwensi unayoitaka, nikaweka 500 Hz, yaani mitikisiko 500 kwa sekunde. Mdogo wangu kashika simu pale kwenye mdomo wa bomba, mi nalipandisha bomba polepole kutoka majini, hewa ya ndani inaongezeka urefu.

Kwenye sentimita 16 mlio ukavimba ghafla. Yaani simu ileile, sauti ileile, lakini bomba zima linaimba, mpaka mama akauliza kuna nini huko bafuni. Nikapandisha zaidi ukafifia, nikaendelea, kwenye 51 ukavimba tena. Kati ya mahali pawili pa kuvimba ni nusu ya urefu wa wimbi, 51 toa 16 ni 35, kwa hiyo wimbi zima ni sentimita 70. Zidisha kwa 500, unapata mita 350 kwa sekunde. Mwendo wa sauti! Umepimwa bafuni kwetu! Kwa nini nisitumie ile 16 peke yake kama robo ya wimbi, ni kwa sababu wimbi linachungulia kidogo nje ya mdomo wa bomba, kwa bomba langu kama sentimita 1 hivi, ukitoa moja kwenye nyingine hilo kosa linajifuta lenyewe.

Halafu nikaweka 1000 Hz, na hapa ndo palipobadilisha kila kitu kwangu. Nlitegemea mwendo upande. Mlio ukavimba kwenye 7.5, tena 25, tena 42.5. Tofauti 17.5, wimbi zima sentimita 35, zidisha kwa 1000... 350 ileile. Frikwensi nimeizidisha mara mbili, wimbi likafupika nusu, mwendo haukutikisika. Nilikaa chini pale bafuni. Kumbe kila mmoja ana kazi yake: frikwensi anaamua anayetikisa, huyo simu au upepo au kamba ya gitaa. Mwendo unaamuliwa na kitu wimbi linamopita, hewa au waya au maji mafupi. Urefu wa wimbi hauamui chochote, unafuata tu hao wawili walivyopatana. v = fλ ni ushahidi kwamba wamepatana, sio amri ya nani amuongeze nani.

Kitabu kiliandika 340 na mi nimepata 350, nikadhani nimekosea kupima. Kumbe sauti inaongezeka mwendo kama mita 0.6 kwa sekunde kila joto likipanda nyuzi moja, kutoka kama 331 kwenye nyuzi sifuri, na Disemba kwetu nyuzi 30 ni kawaida kabisa, piga hesabu utaona inafika 349.

Nilipomuelezea mjomba habari ya kina na mwendo yeye akanikumbusha Disemba 2004, ile tsunami iliyotoka Sumatra, watu walikufa mpaka huku kwetu Tanzania. Nikamfanyia hesabu kwenye mchanga: kwa wimbi ambalo urefu wake ni mkubwa sana kuliko kina, mwendo ni kipeuo cha pili cha uvutano mara kina, bahari yenye kina cha mita 4000 inatoa karibu mita 200 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Kwenye maji ya mita moja fomula hiyohiyo inatoa mita 3 tu, mtu anakimbia analipita. Linapopunguza mwendo nishati yake inabanwa sehemu ndogo, ndo linapanda juu. Mjomba alinyamaza kidogo, akasema ndo maana walio katikati ya bahari siku ile hawakuhisi kitu.

Kilichobaki kikawa ni zile grafu mbili za wimbi zinazofanana, hiyo ilinyooka haraka. Ya kwanza ni picha ya bahari nzima umeipiga mara moja, umbali kati ya vilele viwili ni urefu wa wimbi. Ya pili ni habari za boya moja dakika hadi dakika, umbali kati ya vilele ni muda, sio mita. Sasa kabla sijagusa swali naangalia kwanza mstari wa chini umeandikwa mita au sekunde, basi.

Mtihani uliofuata nilipata 17 kati ya 20, na lile swali la maji mafupi lilikuwepo, nililijibu na sababu yake.

Ukitaka kulifanya la bomba, fanya usiku kukiwa kimya, simu usiizamishe kwenye mdomo wa bomba iache juu kidogo, na anza na 500 Hz, kwa sababu ukianza na 200 Hz bomba la sentimita 70 litakupa sehemu moja tu ya kuvimba, na moja haitoshi kutoa.