Sare ya jana, Berlin, na askofu wangu wa e6

Aisee jana kwenye chess nimetoka sare na nina furaha ya mtu aliyeshinda, acha niielezee, maana kijiweni kwetu kwenye drafti ukisema sare wanauliza tu "kwa hiyo hukumfunga?"

Raundi ya nne, ukumbini Upanga, mi nina nyeusi, mpinzani mzee wa umri wa baba yangu na kwa reting, yaani pointi za kiwango cha mchezaji, kaniacha mbali. Akaanza askari e4 (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu), nikajibu e5, farasi f3, na mi farasi c6, askofu wake akaja b5 na mi nikatoa farasi f6 hapohapo. Ndo Berlin hiyo, jina la ulinzi huu wa nyeusi. Farasi wako anakula askari wa e4, kete zinaliwa harakaharaka, hatua ya nane malkia wote wameshatoka na mfalme wako kakaa d8, kujificha nyuma ya ngome hawezi tena, na askari wako wawili wamepangana kwenye mstari wa c. Ukiiangalia unaona nyeusi kaharibikiwa, lakini maaskofu wote wawili unao na malkia wa kukusumbua hayupo! Kramnik aliitumia hii London mwaka 2000 dhidi ya Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985, na mechi nzima Kasparov hakushinda hata gemu moja, ubingwa ukaenda. Mi tangu niijue hiyo stori sichezi kingine na nyeusi.

Sasa mzee akaanza kusukuma upande wa mfalme, ana askari wanne mi watatu, nikaona nikingoja nakufa. Nikafikiria dakika ishirini nzima, nikaamua nibadilishane askofu wangu wa miraba myeusi na farasi wake hata kama askari wa c5 analiwa, na kweli akaliwa. Kabaki na askofu wa miraba myeusi, mi wa myeupe, nikamtia e6 mbele ya askari wake na pale askofu wake hawezi kumgusa milele. Kajaribu kila njia, mfalme kamzungusha kushoto kulia, mi mfalme wangu ni d7, e8, d7, e8 tu huku mikono inatetemeka na saa inanipa sekunde 30 kila hatua.

Picha ileile ya ubao ikajirudia mara ya tatu, nikamwita refa, ikawa sare. Mzee akanipa mkono, "umekaza kijana wangu." Nikamwambia asante sana mzee wangu. Kwenye mwendokasi ya Kimara nilisimama njia nzima naicheza upya kichwani, bado najiuliza kama angesukuma askari hadi g5 mapema ingekuwaje.